Mikono ya Wening

Nyumbani kwa Partinah maharage ya soya hayakosekani jikoni. Asubuhi yanachemshwa. Mchana yanaambuliwa maganda na kuoshwa. Jioni yanachanganywa na chachu, yanafungwa kwenye majani ya migomba, kisha yanalazwa juu ya chanja. Baada ya siku mbili ukungu mweupe unayashika yawe kitu kimoja, na hiyo ndiyo tempe. Mume wake, Sarjono, anaipakia kwenye pikipiki na kuipeleka kwa wateja. Pale kisiwani Java kila nyumba inakula tempe, na kila mteja anataka yake ifike kwanza. Partinah hana nafasi hata ya kujikuna.

Ana binti mmoja, Wening, wa darasa la kwanza. Wening alikuwa mtoto wa maswali. Kwa nini maharage yanatoa povu? Kwa nini paka anapiga chafya? Alikuwa akija na swali lake mpaka mlangoni mwa jiko, na Partinah akimjibu maneno yale yale bila kuinua kichwa.

"Toka hapo, mwanangu. Mikono yako itaharibu tempe."

Sheria hiyo aliikuta. Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, ndiye aliyemfundisha kazi, na aliamini kabisa kwamba tempe haitaki mkono wa mtoto. Partinah hakuwahi kujiuliza kama ni kweli. Ilimsaidia kumfukuza mtoto jikoni kama anavyofukuza kuku, basi. Mtoto akizidi kusumbua, alipewa simu akae nayo sebuleni.

Kisha maswali yakaisha. Partinah hakujua hata yaliisha lini. Kwanza aliona afadhali, nyumba imetulia. Baadaye utulivu wenyewe ukaanza kumkera. Akiuliza shule ilikuwaje, anajibiwa, "Sawa." Akiuliza amekula nini, anajibiwa, "Sawa." Mwalimu naye akamwita. Wening hataki kushika udongo wa kufinyanga, alisema, na wenzake wakishikana mikono kucheza, yeye anakaa pembeni. Akauliza kama nyumbani kuna tatizo. Partinah akasema hakuna, akatoka pale amevimba kwa hasira. Tatizo la nyumbani ni kwamba watu wote wanataka tempe na mfungaji ni mmoja.

Hayo yangevumilika. Lakini siku moja wakiwa wanakula, Wening alimwambia baba yake kwamba likizo ikifika anataka kuhamia kwa Bibi, mama yake Partinah, anayekaa mji mwingine. Hakusema kutembea. Alisema kuhamia. Kisha akabeba sahani yake, akatoka.

"Mwache aende," Sarjono akasema, macho kwenye simu. "Wewe mwenyewe utapumua kidogo."

"Baba Wening, mimi nimekwambia nataka kupumua?"

"Kila siku unasema umechoka."

"Nimechoka na kazi. Sijachoka na mtoto."

Partinah akapiga moyo konde, akaamua kufanya jambo kubwa. Alifunga kazi Jumapili nzima, akampeleka Wening kwenye bwawa la kuogelea. Akamnunulia nguo mpya ya kuogelea na bakuli la supu ya mipira ya nyama. Ungedhani mambo yameisha. Wapi. Simu haikuacha kulia, wateja wanauliza tempe iko wapi. Akimaliza na huyu, anapiga yule. Alipopata nafasi ya kukaa, usingizi ukamchukua palepale kwenye benchi. Alipoamka, Wening alikuwa amekaa kando yake, mkavu, akimlindia mkoba. Njiani Partinah akamuuliza kama amefurahi.

"Sawa," Wening akajibu.

Partinah alitamani kupiga kelele katikati ya barabara.

Kesho yake akaja Dada Kusrini kununua tempe. Huyu ni jirani, tena anajitolea kwenye kliniki ya watoto ya mtaa. Ndiye anayewapima watoto uzito na kuwashauri wazazi. Ana tabia ya kukaa bila kukaribishwa, na siku hiyo alikaa. Partinah akamwaga yote, la shule, la Bibi na la bwawa, huku akikunja majani kwa nguvu mpaka yanapasuka.

"Nimempa siku nzima," akamalizia. "Siku nzima, Dada. Anataka nini tena, nimpe roho yangu?"

Kabla Dada Kusrini hajajibu, Wening alitokea akitoka shule. Alifika kizingitini akasimama, mikono akaificha nyuma.

"Pita ndani, kipenzi," Dada Kusrini akasema. "Mbona mikono nyuma? Umeficha pipi, hutaki kunigawia?"

Wening akatikisa kichwa. "Mikono yangu inaharibu tempe."

"Nani kakwambia?"

"Mama." Akamtazama mama yake, kisha akatazama chini. "Na ni kweli. Zile zilizooza, mimi nilishika moja. Nilishika moja tu, Mama hakuniona." Sauti ikaanza kukatika. "Zikaoza zote. Mama akalia. Nikihamia kwa Bibi, hazitaoza tena."

Partinah aliikumbuka siku hiyo. Chanja nzima ilitoka nyeusi na yenye harufu mbaya. Aligombana na mvua, akagombana na kuni, akagombana na Sarjono, mwisho akajifungia akalia. Hakujua kwamba kulikuwa na mtu mdogo nyuma ya mlango anayejihukumu. Maneno aliyoyasema bila kufikiri, mtoto ameyabeba mpaka shuleni. Aibu ilimshika, na uchungu mkubwa kuliko aibu.

Dada Kusrini hakumbembeleza. "Mama Wening, wewe ndiye fundi. Tempe inaharibika kwa sababu gani?"

"Maji machafu. Chombo chenye mafuta. Unyevu ukizidi, au ikikosa hewa." Partinah akatazama vidole vyake. "Na mikono michafu."

"Ya nani?"

"Ya yeyote. Hata yangu."

"Basi mwambie yeye, usiniambie mimi."

Partinah akaweka jani chini. Akaenda kuchuchumaa mbele ya Wening mpaka macho yao yakalingana. Hakukumbuka mara ya mwisho alifanya hivyo lini.

"Siyo mikono yako," akasema. "Mvua ilivuja kwenye chanja, tempe ikalowa. Mimi ndiye niliyekosea kukwambia vile. Nisamehe, mwanangu."

Wening akaitoa mikono nyuma ya mgongo.

Alipokwenda kubadili nguo, Partinah akarudi kukaa kwenye majani yake, na Dada Kusrini akaanza. "Sasa nikuulize. Nani alikuomba siku nzima?"

"Nilifikiri ndivyo wanavyofanya wazazi wazuri."

"Mtoto anataka dakika chache, lakini ziwe zake kweli. Simu weka mbali. Akiongea, mwangalie usoni. Usimuulize shule ilikuwaje, atakujibu sawa mpaka azeeke. Muulize leo nani kamchekesha, nani kamuudhi. Akianza kueleza, usimkatize, na usimpe mahubiri. Sikiliza tu."

"Hizo dakika nazitoa wapi, Dada? Wewe umewahi kuniona nimekaa?"

"Si umekaa sasa hivi? Mikono inafanya kazi, masikio yako bure. Mweke hapa kando yako. Anawe kwa sabuni, mpe majani madogo afunge. Kwenye sufuria ya moto asisogee. Akichoka, mwache akacheze, hujamwajiri. Na kabla ya kulala, achague yeye mchezo au hadithi, wewe ufuate."

Alikuwa hajamaliza. Akauliza Sarjono anapompeleka mtoto shule kwa pikipiki wanaongea nini. Partinah akasema hawaongei, Sarjono anasikiliza redio masikioni. Dada Kusrini akasema aitoe, naye ana mdomo. Na wakati wa kula, simu zote zikae kabatini, ya baba ikiwa ya kwanza.

Partinah aliitikia shingo upande. Kusema ukweli alikereka, maana ushauri wa mtu asiyefunga tempe ni mwepesi sana. Na kweli, siku za kwanza zilikuwa mtihani. Wening alipasua majani. Alimwaga maharage sakafuni. Kifurushi chake cha kwanza kilipinda, kikavuja pande zote mbili. Partinah aliuma ulimi ili asiseme lile neno la zamani. Na maongezi hayakuja. Aliuliza nani kamchekesha leo, akajibiwa hakuna. Kesho yake hivyo hivyo. Alitaka kumwendea Dada Kusrini akamwambie kwamba dawa yake haifanyi kazi.

Sarjono ndiye aliyeanza kufanikiwa, jambo lililomuudhi Partinah zaidi. Alitoa redio masikioni, akawa akimsimulia Wening njiani hadithi ya paa mjanja, yule swala mdogo wa msituni, na kila siku anaikosea. Leo paa anamdanganya mamba, kesho anamdanganya tembo. Wening akashindwa kuvumilia, akaanza kumsahihisha juu ya pikipiki, kwa sauti ya kusikika njia nzima.

Kisha mchana mmoja, Wening akiwa anafunga jani lake, alisema bila kuulizwa kwamba kuna mtoto darasani anakula karatasi. Partinah alitaka kusema mwambie mwalimu. Akajizuia.

"Karatasi ya aina gani?" akauliza.

Hapo mfereji ukafunguka. Siku zilizofuata Partinah alijua nani anakula karatasi, nani analia akiona mjusi, nani kamwambia nani kwamba si rafiki yake tena. Mwalimu akamwambia Partinah kwamba Wening amefinyanga paka wa udongo. Vifurushi vyake viliendelea kupinda, lakini tempe ya ndani ilitoka nyeupe na ngumu, wakaikaanga na kuila wenyewe.

Likizo ilipofika, Bibi akaja kumchukua. Aliwakuta kwenye mkeka, majani yamewazunguka. Wening alikuwa katikati ya habari ya rafiki yake aliyeng'oka jino wakati wa kuimba.

"Begi lako liko wapi?" Bibi akauliza. "Niliambiwa unahamia kwangu."

"Nitakuja kutembea, Bibi," Wening akasema. "Kuhamia siwezi." Akamsogelea, akapunguza sauti kidogo, lakini Partinah alisikia kila neno. "Mama anapenda sana kuongea akiwa anafunga. Nikihama ataongea na nani?"

Partinah, aliyekuwa amemiminiwa maneno na Wening tangu asubuhi mpaka masikio yanamwasha, hakubisha. Aliinamisha kichwa juu ya jani ili wasimwone machozi. Kisha akamuuliza Wening lile jino liliangukia wapi.