Pua ya Maher

Hakuna mwizi aliyepata kumponyoka Radhiya, kachero wa siri aliyetisha Pemba nzima. Haya, watano walimponyoka. Na mbuzi mmoja wa Wingwi.

Huyu wa leo hamponyoki.

Honda yake ilinguruma katikati ya migomba ya Kengeja. Mbele, mgeni mmoja juu ya Yamaha, kafunga sanduku la barafu mgongoni. Ndani mna makohozi ya wagonjwa kumi na tisa wa kisiwa cha Makoongwe, watu wa kwanza kushikwa na kifua kipya kisicho na jina. Ya mamake Radhiya, Bi Mwatum, yamo.

Bila hayo, madaktari hawatajua ugonjwa unaambukizaje wala unatibiwa na nini. Mgeni alitaka kuyavusha, dawa itengenezwe kwao, kisha tuuziwe makohozi yetu wenyewe kwa bei ya dhahabu.

Simu ya upepo ikakoroma, ikamwita kwa jina lake la kazi. "Kozi, boti yake tumeikamata ufukweni. Umefika wapi?"

"Nishike breki kwanza."

Hakushika. Aliigonga Yamaha ubavuni. Mgeni akarukia mihogoni. Radhiya akamwekea Glock sikioni.

"Nani kakufungulia friji la kliniki?"

Mgeni akacheka. "Muulize mwenzako."

Kufuli lile halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa namba. Namba waliijua wawili tu, yeye na Maher, kachero mwenzake. Maher waliyekula naye sahani moja miaka kumi na miwili. Maher aliyemfundisha kulenga shabaha.

Lakini Maher yuko kitandani tangu Jumatatu, kashikwa na kifua hichohicho.

Ndivyo alivyosema.

Na jambo moja madaktari walikwisha kulijua: pua hufa. Mgonjwa hanusi kitu wiki nzima. Bi Mwatum aliunguza mchuzi wa pweza hadi majirani wakaja na ndoo, mwenyewe hana habari.

Sanduku likaenda maabara. Radhiya akapitia sokoni, maana mgonjwa haendewi mikono mitupu. Akafunika kikapu kwa kanga, akaipiga fundo. Akavaa barakoa, akaingia chumbani kwa Maher.

"Pole, kaka. Pua vipi?"

"Wallahi imekufa, dada yangu." Maher alikohoa kwa adabu. "Hata udi siusikii. Tangu Jumatatu sijavuka kizingiti."

"Na friji la kliniki?"

"Friji gani? Mie mtu wa kufa!"

Radhiya akasukuma kikapu chini ya kitanda. Akakaa. Akauliza hali ya shemeji, ya watoto, ya kuku. Maher akakunja uso. Akafungua dirisha. Mwisho akashindwa.

"We Radhiya! Mgonjwa ndo' wa kuletewa doriani? Litoe tunda lako, linanuka nyumba nzima!"

Radhiya akakivuta kikapu. Fundo la kanga lilikuwa vilevile.

"Vaa viatu, kaka."