Herufi Moja ya Ziada

Zamani hizo, kabla simu hazijaanza kutembea mifukoni mwa watu, juma la kufungua shule lilikuwa na harufu yake: karatasi mpya, wino, na viatu vilivyotoka kupakwa dawa. Mbele ya duka kubwa la vifaa vya shule wazazi walisukumana, na watoto waliolia walinunuliwa penseli ili wanyamaze. Katikati ya msongamano huo alisimama mwanamke kijana, gauni lake la samawati limepigwa pasi likanyooka, ukosi wake mweupe pepe. Alikuwa ameinua uso akimtazama mchora mabango aliyekuwa juu ya ngazi.

"Fundi," aliita, "umekula herufi."

Kijana alitazama chini. Shati lake lilikuwa na madoa ya kila rangi iliyowahi kuuzwa mjini.

"Herufi gani, dada?"

"Umeandika 'vifa vya shule'. Vifaa vina a mbili."

"Mwenye duka ameniandikia hivyo hivyo kwenye karatasi. Mimi huandika nilichoandikiwa."

"Na ukiandikiwa uruke, utaruka?"

"Nikiandikiwa na wewe, Mwalimu, nitauliza tu nirukie upande gani."

"Nani amekwambia mimi ni mwalimu?"

"Nani mwingine angesimama juani kuhesabu a za watu?"

Mwanamke alicheka, akakificha kicheko nyuma ya furushi la penseli. Ndivyo walivyojuana.

Alifundisha darasa la kwanza. Shule haikuwa na nafasi, hivyo watoto wake walisomea nyuma ya ukumbi, wakitengwa na darasa la pili kwa makabati makuukuu. Katika pembe hiyo alikuwa na utaratibu wake wa kuwafundisha kuandika. Kwanza mtoto alimsimulia jirani yake habari aliyo nayo, kisha aliichora, ndipo akaiandika, sentensi moja au mbili, kwa herufi alizozijua. Mwalimu hakugusa kosa hata moja. Karatasi ziliangikwa kwenye kamba kama nguo zilizofuliwa, na baada ya siku chache kila mtoto aliisoma yake kwa sauti, mpaka akagundua mwenyewe palipopotoka.

Mwalimu Mkuu, mzee aliyefundishwa mwandiko kwa rula na kalamu ya kuchovya, hakuupenda utaratibu huo.

"Binti yangu, kosa likikaa ukutani watu wataliamini."

"Na mtoto akiogopa kukosea, Mzee, hataandika kabisa."

Mzee aliguna, akaichezea kalamu yake nyekundu.

Fundi Herufi, kama watoto walivyomwita, aliombwa kuwachorea alfabeti. Alikuja mara moja kwa kazi, na mara nyingi bila kazi. Alijibanza kando ya kabati akamsikiliza Mwalimu akimwambia mtoto aliyekwama, "Nisimulie kwanza, mwanangu. Hadithi i mdomoni mwako, haiko kwenye penseli." Mwenyewe alijifunza herufi kwa viboko, na hakuwahi kumsikia mtu akisema vile.

Siku ambazo hakuweza kuja, alipiga simu kutoka duka la dawa lililopakana na karakana yake. Simu ya shule ilikaa mezani pa Mwalimu Mkuu.

"Ni mimi. Umenikumbuka, mpenzi?"

"Ndiyo, mzazi, mtoto anaendelea vizuri," alijibu Mwalimu, kwa maana Mzee alikuwa kitini pake, gazeti limemfunika uso.

"Mtoto huyo anaomba akuone Jumamosi."

"Mwambie aoge kwanza, madoa yamtoke."

Gazeti lilitikisika kidogo.

Hatimaye, katikati ya mwaka, darasa la kwanza lilipewa chumba chake. Watoto walibeba viti vyao vichwani wakiimba, na walipokwisha kutulia, Mwalimu aliwaambia waandike habari ya siku hiyo. Palikuwa na binti mmoja mwenye pengo ambaye aliwahi kuandika "toto", akagundua kwamba neno lilitaka m. Tangu hapo alilitia m kila neno alilolionea shaka: mkalamu, mdirisha. Siku hiyo alibana ulimi penye pengo, akaandika: "mwalimu wetu amepata mchumba. tumefurahi sana." Karatasi ikaenda kambani pamoja na nyingine.

Jioni Fundi alifika akiwa amevaa shati lisilo na doa, kwa kuwa alikusudia kutamka habari za ndoa. Mwalimu alikuwa kikaoni. Kijana alizunguka chumba, akazisoma karatasi akitabasamu, mpaka alipofika penye ile moja. Aliisoma, akairudia. Kazi yake yote ilikuwa kuamini kilichoandikwa. Aliondoka bila kufunga mlango.

Kesho yake Mwalimu ndiye aliyepiga simu.

"Jana nilisikia ulipita, hukuningoja!"

"Nilipita. Hongera."

"Umeona, eh? Asante! Nilitaka iwe ghafla kwako."

"Imekuwa ghafla kweli. Ulikuwa unasubiri siku nyingi?"

"Tangu nilipoanza kazi. Mwalimu Mkuu ndiye aliyenihangaikia, Mungu ambariki."

"Mwalimu Mkuu! Na umeridhika?"

"Mno! Natamani hata nisirudi tena kwa shangazi."

Simu ilikatwa. Mwalimu alidhani ni waya, akapiga tena. Muuza dawa akamwambia kwamba Fundi ametoka. Alitoka siku hiyo na siku zilizofuata. Mwishowe shangazi wa Mwalimu, aliyemlea tangu utotoni, alirudi kutoka sokoni na habari: yule kijana amekubali kazi ya kampuni ya sabuni, kuchora kuta za miji ya mbali kwa mwaka mzima. Lori linaondoka Jumamosi alfajiri.

"Amekuambia?" aliuliza shangazi.

"Hajaniambia kitu." Na usiku huo hakugusa chakula.

Ijumaa, watoto wakisoma karatasi zao, Mwalimu alikuwa ametazama nje. Binti mwenye pengo alisoma kwa sauti ya kujiamini, "Mwalimu wetu amepata chumba," akasifiwa kwa mazoea. Lakini Mwalimu Mkuu alikuwa mlangoni, naye alisoma kwa macho.

"Hongera, binti yangu. Mbona hukutuambia kuhusu huyo mchumba?"

"Mchumba gani, Mzee?"

Alimwonyesha. Darasa zima likacheka, na Mwalimu akacheka pamoja nao. Kisha akaacha ghafla, akashika ukosi wake. Yale maneno ya simuni yalimrudia moja baada ya jingine.

"Mzee, kuna mtu amesoma hii."

"Yule mzazi wa simuni?" Mzee alikohoa. "Nenda. Darasa nitalishika mimi."

Alipotoka, mzee aliirudisha kalamu nyekundu mfukoni, akajikunja juu ya kiti kidogo, akasema, "Nisomee tena, mjukuu wangu, kidole chini ya kila herufi."

Karakanani makopo ya rangi yalikuwa yamefungwa kamba. Fundi hakuinua kichwa.

"Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kukuuliza kama una akili. Chumba! Nilipata chumba!"

"Iliandikwa mchumba."

"Iliandikwa na mtoto wa miaka saba! Huyo ana mkalamu, ana mdirisha, nyumbani kwao pengine ana mkuku!"

"Na Mwalimu Mkuu alikuhangaikia..."

"Chumba!"

"Na hutaki kurudi kwa shangazi..."

"Kwa sababu ya madirisha, wewe! Kule kwetu kuna joto!"

Fundi aliketi juu ya kopo, akafunika uso kwa viganja vyake vyenye rangi. Alicheka hadi mabega yakatetemeka, na alipovitoa viganja, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nimeshawapa watu wa sabuni neno langu," alisema. "Mwaka mzima."

Mwalimu hakumwomba alivunje. Mwanamume wa kuvunja neno asingemtaka.

"Na mimi je? Hunipi neno?"

Akasimama. "Nataka nikuoe."

"Usiniambie mimi peke yangu. Shangazi yupo nyumbani jioni."

Jioni hiyo Fundi alikaa mbele ya shangazi, magoti pamoja kama mwanafunzi. Bi mkubwa alimpima kuanzia nywele hadi viatu.

"Mwaka ni mrefu, baba."

"Ni mrefu, Shangazi. Nikirudi nitakuja na wazee wangu."

"Barua unajua kuandika, au mabango tu?"

"Mabango tu, Shangazi."

"Basi andika kwa herufi kubwa. Macho yangu yamechoka, na huyu atanisomea zile sehemu anazotaka nizisikie."

Nyuma ya pazia la jikoni mtu alishindwa kujizuia, akaangua kicheko. Fundi aliyainamisha macho kwa adabu, akakisikiliza hadi kilipoisha. Alfajiri, lori lilipoiacha taa ya mwisho ya mji, alikuwa bado anacho masikioni.