Abiria wa Ndege Tupu

“Na hiyo inayokuja ni ya nani?” aliuliza bibi mwenye kofia pana, akinyoosha kidole angani.

“Hapa hatutaji wenye ndege, mama,” nilimjibu. “Tajiri analipa ili asijulikane. Ukimtaja tu, kesho unauza karanga.”

Wageni wakacheka. Tulikuwa juu ya roshani ya jengo la zamani, ambako kila mgeni wa uwanja wetu hupelekwa akishamaliza kuona ukumbi wa abiria na ile mizani ya chuma. Zamani hizo mtu alipimwa yeye pamoja na sanduku lake, na waliozidi walibaki. Hiyo mizani huwa nawachekesha nayo sana. Wenzangu kazini wananiita Chiriku, na sijawahi kuwapinga.

Siku hiyo kwa kweli sikutakiwa kuwa kazini. Nilikuwa kwenye likizo ya harusi. Jumamosi ile ningeolewa na Kapteni, rubani wa moja ya hizo ndege za watu binafsi, mwanaume niliyempenda mpaka mama yangu akaanza kunionea huruma. Mwenzangu aliugua, msimamizi akanipigia simu, nikaja kumshikia zamu. Sikumwambia Kapteni, maana angegomba. Alishaniamuru nikae nyumbani nipake hina na kulala.

Pale roshani kuna spika iliyounganishwa na mnara, wageni wasikie marubani wanavyoongea na muongoza ndege. Ilikuwa imekufa miezi mingi. Mafundi waliifufua wiki hiyo hiyo, na nadhani hata mnarani hawakuwa wamezoea kwamba inasikika.

Ikakoroma, kisha sauti ikatoka.

“Mnara, nauona uwanja. Narudi tupu, abiria mmoja.”

Sauti ile ningeitambua hata usingizini. Nikatabasamu peke yangu. Aliniambia angerudi kesho yake. Kumbe ananishtukiza, nikajisemea.

“Umesikika, Kapteni. Karibu utue.”

“Kaka, nikuombe jambo. Nisogezee gari mpaka chini ya ngazi. Nimempakia mama watoto. Tumbo limeshakuwa zito, sitaki atembee.”

“Usijali. Mpe pole shemeji.”

Wageni wakaguna kwa furaha. Bibi mwenye kofia akaweka mkono kifuani.

“Huyo ndiye mume. Wangu alikufa hajawahi kunisogezea hata kigoda.”

Nikaendelea kusimama. Sijui niliwezaje.

“Dada,” akaniita kijana mmoja aliyekuja na mchumba wake, “kurudi tupu ndiyo nini? Si amesema ana abiria?”

Kazi ni kazi. Nikamgeukia.

“Ndege ikishampeleka mwenyewe anakokwenda, mara nyingi inarudi haina mtu. Hiyo tunaiita ndege tupu. Rubani anaruhusiwa kumpakia mke wake wa ndoa, mzazi wake, au mtoto wake. Na lazima ofisi ya mwenye ndege iwe na cheti.”

“Je, mchumba?”

“Mchumba hapana.”

“Kwa nini?”

“Wachumba hubadilika,” nikasema, na wageni wakacheka tena, wakidhani ni utani wangu.

Mwenyewe nilishawahi kuomba. Nilimbembeleza Kapteni anipandishe siku moja tu, naye akanibusu paji la uso: “Sheria ni sheria, mpenzi. Mke tu. Tukishafunga ndoa utachoka kupaa.” Sasa nilikuwa najua kwamba kiti kile kilikuwa na mwenyewe muda wote.

Ndege ikatua, ikasogea hadi karibu na jengo, ikazima injini. Mlango ukafunguka. Kapteni akashuka kwanza, akageuka, akampa mkono mwanamke mjamzito, wakashuka ngazi moja moja. Akamfungulia mlango wa gari. Akamwekea mkoba miguuni. Jua lilikuwa linawaka vibaya.

Nikatoa simu, nikaandika: “Uko wapi, mpenzi?”

Nikamwona akiingiza mkono mfukoni. Akasoma. Akaligeuzia gari mgongo, akaandika kwa kidole gumba. Simu yangu ikatetemeka.

“Bado niko huku, bibi harusi wangu. Mvua kubwa, hatuwezi kuruka. Labda kesho. Umelala? Pumzika uwe mzuri.”

Nilimtazama aliyeandika huku nikisoma alichoandika. Nikajisogeza nyuma ya nguzo, nikampigia yule muongoza ndege, rafiki yetu sote.

“Kaka, mimi Chiriku.”

“Ah, bibi harusi. Likizo inasemaje?”

“Niko roshani na wageni.”

“Roshani ipi?”

“Kwani ziko ngapi? Spika imetengenezwa.”

“Shemeji, nisikilize...”

“Leo una mashemeji wawili. Mimi ni yupi?”

“Sikutaka kuingilia mambo ya watu.”

“Umechanga kwenye harusi yangu. Umekaa kwenye kamati. Ulikuwa unachangia nini?”

Nikakata simu. Yule aliniuma kwa namna yake, maana mpenzi akikudanganya unasema ni mapenzi; rafiki akinyamaza unajiuliza wewe ni mtu wa aina gani.

Ziara huishia chini, ukumbini. Nikawashusha wageni, na nilipofika mlangoni nikamwona. Yule mjamzito alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao, karibu na mizani yangu, amevua viatu. Uso wake ulikuwa mchovu na mpole. Nilitamani awe mbaya. Hakuwa.

Bibi mwenye kofia hakungoja.

“Ndiye wewe uliyesogezewa gari.”

Mwanamke akacheka. “Mmejuaje?”

“Tumesikia kwenye spika. Mbona hukuondoka nalo?”

“Niliona joto ndani, dereva akanishusha hapa nimsubiri baba watoto. Anasaini makaratasi ya ndege.” Akanitazama mimi. “Dada, samahani, naweza kupata maji?”

Nikampelekea. Akanitazama, akadhani nimechoka.

“Keti kidogo, dada. Kutembeza watu kutwa nzima si mchezo.”

Nikaketi kando yake. Bibi akaendelea na upelelezi wake, na kila swali lake lilikuwa langu.

“Ni wa kwanza?”

“Wa tatu. Huyu amekaa vibaya. Daktari wa kule kwetu amesema nije hospitali kubwa ya huku. Watanipasua Jumamosi.”

“Na bwana atakuwepo?”

Akashusha macho, akafuta chupa ya maji ambayo haikuwa na uchafu.

“Ana safari. Nimemwomba mpaka nimechoka. Anasema Jumamosi ni safari isiyoahirishwa, mwenye ndege hataki udhuru. Huku sina ndugu hata mmoja. Naogopa, mama, nisikufiche.”

Nikauma mdomo. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini unamwambiaje mtu jambo kama hilo, na kisu kinamsubiri? Nikaamua nimeze. Niondoke, nivunje harusi kimya kimya, nimwachie mumewe. Niliapa hivyo moyoni, na Mungu ni shahidi kwamba nilimaanisha.

Hapo ndipo Kapteni akaingia.

Alituona. Hatua yake ikakatika katikati, kisha akaifufua, akatembea hadi pale tulipokuwa kana kwamba hakuna kitu.

“Twende, mama,” akamwambia mkewe. “Tumechelewa.”

“Subiri nivae viatu. Huyu dada amenisaidia sana. Mnafahamiana?”

Akanitazama. Jicho lake lilikuwa linaniomba.

“Kwa sura tu,” akasema. “Ni huyu anayetembeza wageni.”

Nguo yangu ya harusi ilikuwa inaning’inia chumbani kwa mama yangu, naye ananijua kwa sura tu. Hata hivyo nikampa mlango wa kutokea. Nikaongea taratibu, kama mfanyakazi anavyoongea na rubani.

“Kapteni, mkeo anaogopa. Anasema Jumamosi atakuwa peke yake.”

“Tumeshaliongea hilo.”

“Mwambie tu kwamba utakuwepo. Hiyo safari naamini mwenyewe ataielewa. Naamini hata ameshaifuta.”

Nilifikiri angedaka. Mjinga yeyote angedaka. Yeye akanikazia macho, akatamka polepole ili nielewe:

“Safari ya Jumamosi haijafutwa. Iko palepale.”

Jamani. Alikuwa ananituliza. Mkewe mbele yake, tumbo mbele yake, naye ananiahidi kwamba harusi ipo. Pale ndipo kitu nilichokuwa nakiita mapenzi kilinitoka, na kiapo changu kikatoka nacho.

“Dada,” nikamgeukia mwanamke, “hiyo safari ni harusi. Anaoa Jumamosi.”

“Anaoa nani?”

“Mimi.”

Kapteni akacheka kicheko kikavu. “Mama watoto, usimsikilize, huyu anaitwa Chiriku, kazi yake maneno...”

Nikafungua simu, nikaiweka mapajani mwa yule mwanamke. Akasoma habari ya mvua kubwa. Akatazama dirishani, jua likiunguza njia ya kurukia. Akasoma tena. Yule kijana na mchumba wake walikuwa wameachiana mikono.

“Ulijua ana mke?” akaniuliza.

“Nimejua leo, roshani, pamoja na hawa.”

“Ni kweli, mwanangu,” bibi akasema. “Nami nikamsifu. Mungu anisamehe.”

Mwanamke akavaa kiatu kimoja, kisha kingine. Hakulia. Akashika ukingo wa benchi, akainuka. Kapteni akainama haraka kuchukua mkoba.

“Weka chini,” mkewe akamwambia. “Wewe una safari.”

“Mama, tuongee nyumbani...”

“Weka.”

Akauweka. Nikaubeba mimi, bibi akamshika mkono, tukamtoa hadi kwenye gari. Nikamwelekeza dereva hospitali kubwa. Mwanamke akaketi, akafunga mkanda chini ya tumbo, akanitazama dirishani.

“Sikupendi,” akasema.

“Najua.”

“Nikikuona naona nyinyi wawili.”

“Najua, dada.”

Dereva akawasha gari. Mwanamke akampigapiga bega ili angoje.

“Lazima mtu mzima asaini ndipo wanipasue. Nimekwambia huku sina ndugu.” Akaulegeza mkanda kidogo. “Jumamosi una kazi?”

“Sina. Nimeomba ruhusa siku hiyo.”

“Basi njoo asubuhi,” akasema. “Usichelewe.”