Chumvi Kidogo Kidogo

Ukinyonya maji kwa mpira, sharti ujue wakati wa kutoa mdomo. Jioni ile Fundi Kipara alichelewa. Miaka yote ya kusafisha matangi ya samaki ya watu, katika miji ambayo hata majina yalimshinda kuyatamka, halafu akaja kubugia maji machafu ya chumvi ya tangi la daktari wa meno, mbele ya wagonjwa wanaosubiri. Yakamtoka puani. Hata mzee aliyevimba shavu alicheka.

"Nilikuwa naonja kama yameiva," Kipara akawaambia.

Lakini alipogeukia tangi, kicheko kilimkauka. Matumbawe aliyoleta juzijuzi, yaliyobanduliwa mwambani yakiwa hai, yalikuwa yamekufa, meupe kama meno ya bandia. Kati yake samaki mmoja alikuwa akigonga kioo kwa pua.

Tk... tk...

Daktari alimwagiza alete matumbawe mengine. Kipara akaitikia. Kazi ni kazi.

Nyumbani, chai ilikuwa na chumvi. Alipolalamika, mkewe alimuuliza: aliyemeza tangi zima ni nani? Kipara akasukuma kikombe kando. Asubuhi maji ya bomba nayo yalikuwa na chumvi kidogo. Kesho yake, zaidi kidogo. Kipara aliyatema; mkewe alikunywa, akalamba midomo, akajiongezea. Nyumba ikaanza kunuka mwani.

Jua lilipokuwa linazama siku iliyofuata, alimkuta mkewe ameketi sebuleni. Nywele zake zilikuwa zikipepea juu, taratibu, zikienda na kurudi.

Dirisha lilikuwa limefungwa.

"Mama watoto," alinong'ona, "kuna upepo?"

"Upepo gani?"

Tk... tk...

Kitu kiligonga kioo kwa nje, polepole, kama mtu anayetaka kuangaliwa. Kivuli chake kilifunika dirisha zima.

Ndipo Kipara akaelewa. Samaki mgeni hamwagwi tangini ghafla, atakufa. Unamwacha na maji yake kwenye mfuko, unamtilia ya tangi kidogo, unasubiri, unamtilia tena, mpaka mwili ukubali. Mikono yake ilikuwa imefanya hivyo maisha yote.

Walikuwa wanazoeshwa.

Akamshika mkewe mkono, akamvuta mlangoni, ampeleke kwa dada yake, popote. Walipovuka kizingiti tu, mkewe akaanza kutweta. Mdomo ukafunguka, ukafumba, ukafunguka. Hakuna sauti. Macho yakamtoka.

Akamrudisha ndani. Mkewe akapumua.

Kipara alikimbia mpaka kwa daktari wa meno, akamkuta akifunga madirisha. Hakusalimia. Alitumbukiza mkono tangini, mpaka begani, akimtafuta yule samaki. Alieleza yote kwa pumzi moja, chumvi, nywele, mlango. Na kwamba akimrudisha huyu mmoja baharini, huenda naye atarudishiwa mke wake. Machozi yalikuwa yakidondokea majini. Kipara, ambaye hata msibani hutafuta cha kuchekesha, hakuwa na hata neno moja la utani.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Akamtoa mkono majini kwa upole, akampa taulo.

"Keshazoea humu, Fundi," alisema. "Ukimtoa utamuua."