Kikohozi Kilichobaki Kwenye Diski

Hii sikusimuliwa na mtu. Ilimpata mama mdogo wangu, tumbo moja na mama, na aliyemletea balaa lenyewe ni mimi hapa, fundi kompyuta ninayewashinda wote mtaani kwetu. Usicheke. Shule niliiacha kidato cha pili, na mpaka leo walimu walionifukuza darasani wananiletea mashine zao. Nawapokea kwa heshima zote, halafu nawasubirisha kwenye benchi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua zuri, watu wanaanika nguo. Mamdogo akanipigia simu.

"Mwanangu, kioo kimekuwa cheusi. Jana iliniuliza kama isasishwe, nikaikubalia."

"Wewe kila ukiombwa kitu unakubali, Mamdogo. Ndivyo ulivyoolewa na yule."

Akacheka kidogo. "Njoo. Nembo mia tatu zinatakiwa Jumatatu."

Mamdogo anadarizi nembo za sare za shule. Kila nembo anaichora kwanza kwenye kompyuta, uzi kwa uzi, kisha mchoro unapelekwa kwenye cherehani ya kudarizi. Alikuwa na michoro sitini na kitu, jasho la miaka minne, yote ndani ya mashine ile moja. Ukimnyang'anya michoro hiyo umemkata mikono.

Nikaenda napiga mluzi.

Sasa, baba mdogo. Tulikuwa tumemzika wiki sita kabla ya siku hiyo, Mungu anisamehe kwa nitakayosema. Alikuwa mpiga lipu. Miaka thelathini ya vumbi la saruji, kifua kikaoza. Hilo halikuwa kosa lake. Kosa lake ni chupa. Alikuwa anatema kwenye chupa za jamu, anazifunika, anazipanga dirishani kwa tarehe, na kila asubuhi anazinyanyua juani kulinganisha rangi. "Leo imepauka. Nina nafuu." Chupa ikijaa, Mamdogo anaiosha kwa mkono. Miaka miwili. Nilimwona siku moja akichokoa ute uliogoma mdomoni mwa chupa kwa kijiti, amegeuza uso pembeni, na yule bwana amekaa anamwangalia kama mtu anayeangalia mboga yake ikipikwa.

Daktari alimwambia arekodi kikohozi chake siku tatu. Akarekodi miezi minane. Alikuwa na maiki ndogo pale mezani, na mafaili yote aliyaweka kwenye kompyuta ya Mamdogo, ndani ya folda aliyoiita KIFUA. Nilishamkuta anakula huku anayasikiliza.

Na alikuwa mkali kuhusu kutupa. "Kilichotoka kwangu ni changu," alikuwa anasema. "Mtu hatupwi vipande vipande."

Siku ya tatu baada ya maziko, Mamdogo alimwaga chupa zote ishirini na mbili chooni, akazivunja. Akachoma godoro. Akachoma maiki. Akafuta folda. Nyumba ikaanza kunuka sabuni, na yeye akaanza kunenepa. Alichokuwa anakitaka duniani kilikuwa hicho tu, kuamka asubuhi asimsafishe mtu.

Sasa nije kwenye ufundi wangu. Miezi mitatu kabla ya hapo, mzee bado yuko hai, nilikuwa nimemwekea Mamdogo Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwenye mashine ile, na diski nimeipanga kwa mfumo wa Btrfs. Jina halitamkiki, ni kama mtu anapiga chafya, lakini ni mtambo hasa. Unaweza kuuambia kila saa upige picha ya diski nzima. Mashine ikiharibika, unachagua picha ya zamani, unarudi pale, kama vile hakuna kilichotokea. Na ujanja wake ni kwamba picha yenyewe hainakili kitu. Inakataa tu kuachia. Wewe unafuta faili, unaona limeondoka, kumbe picha imelishika mkia na haliendi popote.

Fundi mwenye adabu hutenga vyumba viwili: kimoja cha mfumo, kingine cha mafaili ya mwenyewe, ili ukirudisha mfumo nyuma usiburute na mafaili. Mimi siku ile nilikuwa na haraka. Nikaweka kila kitu chumba kimoja, nikaiambia ipige picha kila saa na isifute hata moja. Nani angejua?

Basi nikakaa kwenye mashine. Orodha ya picha ikaja, ndefu kama foleni ya hospitali. Ya juzi ingetosha. Mtu mwingine angechagua ya juzi. Mimi nikashuka mpaka chini kabisa, nikachagua ya kwanza, ile niliyoisimamia mwenyewe, maana mkono wangu nauamini.

Mashine ikawaka, safi.

"Umeona?" nikamwambia Mamdogo. "Wengine wangekuambia ununue mpya."

Alikuwa ameinamia kioo. "Hii niliifuta," akasema.

KIFUA. Katikati ya kioo.

Nikamweleza kwamba hiyo ni picha ya siku zile, kwamba kufuta si kutupa, kwamba vitu vilikuwa vimeshikiliwa tu kule chini. Nilimweleza kwa majivuno, ndivyo ninavyoeleza mambo.

Akakaa kwenye kiti taratibu. "Kwa hiyo siku zote hizi alikuwa humo."

"Ni mafaili, Mamdogo. Nayafuta sasa hivi."

Nikafuta folda. Kisha nikaanza kufungua picha za karibuni nitoe michoro yake mipya. Ilikuwepo, yote. Lakini na KIFUA ilikuwepo. Hata kwenye picha za baada ya maziko, ambako yeye alishaifuta kwa mkono wake. Na ilikuwa inakua. Ya wiki ya kwanza ilikuwa na mafaili mia mbili na kumi. Ya wiki ya sita, mia nne.

Nikasema ni hitilafu. Fundi akikosa jibu husema hitilafu.

Saa sita kamili mashine ikapiga picha yake, kama nilivyoipanga. Taa ndogo ikapepesa. Nikafungua ile picha mpya nione. KIFUA ndani yake, na juu kabisa faili moja la dakika hiyo hiyo. Saa sita kamili. Tarehe ya leo.

"Usilifungue," Mamdogo akanong'ona.

Nikalifungua. Mimi naogopa faili?

Kikohozi. Kile chenyewe, cha chini, cha kukokota, kama mtu anavuta gunia lililolowa kwenye changarawe. Kikakokota, kikapanda, kikafika kooni, kikatua mahali fulani kwa mlio laini. Halafu nyuma yake nikasikia sauti ya mtu mwingine.

Ilikuwa yangu. Inasema, "Ni mafaili, Mamdogo. Nayafuta sasa hivi."

Mashine ile haina maiki. Maiki iliungua.

Nikainua macho kumtazama Mamdogo. Yeye alikuwa anatazama dirishani.

Chupa ya jamu. Imefunikwa. Kioo chake kilikuwa na mvuke kwa ndani, kama kikombe cha chai. Ute ulikuwa mwingi, mzito, umejipanga matabaka, na lile la juu lilikuwa bado linateremka ukutani mwa chupa polepole, na kiputo kimoja katikati kinapanda, kinasimama, hakipasuki.

Nikaigusa. Ilikuwa ya moto.

Nilitapika kwenye ndoo ya vitambaa. Sioni haya, na wewe ungetapika.

Mamdogo hakutapika. Alikuwa na miaka miwili ya mazoezi. Alivuta khanga yake akajifunga pua, akakaa mbali na dirisha, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyechoka kuliko kuogopa, "Mtoe. Nakuomba. Siwezi kuanza tena."

Nikafanya kazi kama sijawahi kufanya. Nikazima ile saa ya kupiga picha. Nikafuta picha moja moja, za kwanza, za kati. Nafasi kwenye diski haikuongezeka. Ikapungua. Nikachomeka flashi, nikahamisha michoro tu, mchoro mmoja mmoja, kwa jina. Nikafungua flashi. Michoro sitini na moja. Na KIFUA. Nikaisafisha, nikahamisha mmoja tu, nembo ya shule moja ya chekechea, bata na kitabu. Nikafungua. Bata, na KIFUA.

Kila nilichokitoa, kilitoka naye. Nilikuwa nimewaweka chumba kimoja.

Nikachomoa waya ukutani. Kioo kikafa. Feni ikanyamaza.

"Umemaliza?" akauliza.

"Haina umeme. Haiwezi kupiga picha yoyote."

Tukakaa. Ukutani palikuwa na saa ya mshale. Nje, watoto wanacheza, mtu anatwanga. Saa saba kasoro dakika mbili. Kasoro moja.

Saa saba.

Kimya.

Nikafungua mdomo nicheke. Kikatoka kikohozi.

Hakikuwa changu. Mimi sijawahi kuumwa kifua. Kilitoka chini sana, mahali ambapo sikujua kama nina mahali. Kikakokota. Kikapanda. Nikafunika mdomo kwa kiganja. Kitu kikajaa mdomoni, kizito, cha uvuguvugu, kina ladha ya chokaa na chuma. Hakikutaka kutemeka. Kiliambaa kwenye meno. Nikakivuta kwa vidole.

Cha kijivu. Kina mchanga.

Nikakitazama kikibadilika kiganjani. Kilikauka. Nikakigonga mezani, kikalia kama kokoto.

Dirishani zilikuwa chupa mbili.

Mamdogo alisimama. Aliuliza swali moja tu, mdomo karibu na sikio langu, kana kwamba kuna mtu asiyetakiwa kusikia.

"Huwezi kuwatenganisha?"

Mimi, fundi ninayewashinda wote.

"Siwezi," nikasema. "Akitoka yeye, na michoro inatoka."

"Yote?"

"Yote."

Aliitazama ile mashine. Miaka minne. Shule sitini na moja. Niliona midomo yake inatembea, nadhani alikuwa anazitaja shule moja moja. Kisha akasema, "Ifungue."

Nikafungua boksi, nikatoa diski, nikaiweka sakafuni. Yeye akaleta pasi, ile nzito ya chuma. Pigo la kwanza likapinda kifuniko. La pili likakibandua. Ndani ya diski huwa kuna sahani zinazong'aa, kavu, safi kuliko kijiko cha mgeni. Zile hazikuwa kavu. Zilikuwa zimefunikwa utando wa njano, unavutika, na pasi iliponyanyuliwa ulinyanyuka nayo nyuzi nyuzi, mpaka usawa wa goti.

Akapiga tena. Akapiga mpaka mkono ukaregea. Nami nimekaa pembeni nashika koo.

Saa nane ikafika, ikapita. Hakuna mlio. Tukasogea dirishani. Chupa mbili zilikuwa tupu, kavu, zina vumbi jeupe tu chini. Akazichukua kwa kitambaa, akaenda kuzivunja jalalani, akarudi akaosha mikono mpaka kwenye viwiko.

Jumatatu alikwenda mwenyewe kwa wateja, akawaambia hana kitu, wamsubiri. Wengine walisubiri, wengine wakaenda kwa mwingine. Akaanza kuchora upya kwenye mashine ya kuazima, kutoka kichwani, macho mekundu. Alipomaliza nembo ya bata na kitabu alinipigia simu. Alikuwa anacheka. "Bata wa sasa ni mzuri kuliko yule," akasema. "Na nyumba haina harufu yoyote, mwanangu. Yoyote."

Nikafurahi. Nikataka kumjibu utani. Nikakohoa.

Akakata simu.

Nilikwenda hospitali. Sijawahi kushika mwiko wala kubeba ndoo ya saruji maishani mwangu, na yeyote mtaani atakuambia nilivyo mvivu wa kazi za jua. Daktari aliinua picha ya kifua changu dirishani, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga, akaniuliza bila kunitazama, "Umepiga lipu miaka mingapi?"

Jioni ile nikaenda kwa Mamdogo, maana sikuwa na pengine pa kwenda. Nilisimama mlangoni. Kabla sijabisha, kikaja. Niliinama, nikashika fremu ya mlango, nikatema chini, pembeni ya kizingiti, pale palipokuwa na ufa.

Ndani, cherehani ilisimama.

"Mamdogo, ni mimi."

"Najua ni wewe, baba." Sauti ilikuwa karibu sana, nyuma ya ubao tu. Alikuwa analia. "Ndiyo maana sifungui."

Komeo likasukumwa. Nikaondoka.

Simlaumu. Mimi ndiye nilimwambia kwamba kitu kikifutwa hakiendi popote, na yeye amejua kilikokwenda. Siku hizi nafanya kazi peke yangu, wateja wanaacha mashine zao kwenye benchi nje, wanasimama mbali.

Ila juzi jirani yake alinisimamisha njiani. Akaniuliza ni nani yule fundi aliyeletwa kuziba ufa wa kizingiti cha Mamdogo, maana na yeye ana ukuta wake umepasuka. Akasema amepitisha kiganja pale, hajawahi kuona lipu iliyonyooka vile.