Sisimizi Walipotuhama

Nina umri wa miaka thelathini na minne, mjane, mkazi wa Mbalizi, Mbeya. Nayaandika haya bila machozi, ndugu wasomaji. Si kwamba nina roho ngumu... machozi yamekataa tu.

Mume wangu, Ambakisye, aliugua kisukari. Tulikuwa tukimtania kwamba madukani sukari haipatikani, kumbe yeye kaificha mwilini! Kila asubuhi nilichemsha bomba la sindano, nikamdunga. Uani, pale alipozoea kukojoa, sisimizi walijaa. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo chetu. Wakiwa wengi, tulijua sukari imepanda.

Baadaye daktari alituambia ugonjwa umeanza kula figo. Tukauliza dawa. Akasema dawa ya kuziponya haijapatikana, wataalamu bado wanaitafuta. Tuendelee na sindano, tupunguze chumvi, naye atampa vidonge vya presha. Nani anapenda kuambiwa asubiri dawa ambayo haipo?

Ndipo alipokuja kaka yake, shemeji yangu Lwitiko, mfanyabiashara wa Iringa mjini. Alileta chupa ya vidonge vya kahawia. Alidai ni dawa mpya ya figo kutoka Ulaya, ukiimeza sindano unaitupa! Nilimsihi mume wangu aulize kwanza hospitali. Akanijibu, "Mama Tumaini, huyu tumenyonya ziwa moja. Anidanganye ili iweje?"

Sindano ikawekwa kando. Na ajabu... sisimizi wakaanza kupungua, hadi wakaisha kabisa! Mama mkwe akapiga vigelegele, "Ndaga Kyala!" akimshukuru Mungu. Tulichinja mbuzi, tukapeleka shukrani kanisani. Uso wa Ambakisye ukajaa, majirani wakamsifu kwamba amenawiri. Hata mimi niliamini. Ningebishana vipi na sisimizi?

Kumbe haukuwa unene, ulikuwa uvimbe! Miguu nayo ikavimba. Akaanza kutapika, kwikwi zikamshika, mkojo ukawa haba. Hospitalini daktari alinieleza taratibu kwamba figo zimekwisha, hazipitishi mkojo wala ile sukari, yote imebaki kwenye damu. Sisimizi hawakuondoka kwa sababu amepona. Waliondoka kwa sababu figo zilikuwa zinakufa.

Alifariki Jumapili, watu wakitoka ibadani. Nilikunja shuka lake, nikaenda kutafuta gari la kubebea maiti. Nilijiona kama mtu aliyekuja kwenye msiba wa jirani.

Baada ya kuanua matanga nilikwenda Iringa kumwuliza shemeji dawa ile aliipata wapi. Mkewe akanielekeza hospitali, eti ilikuwa siku yake ya kliniki. Nikamkuta kwenye benchi la wagonjwa wa kisukari, kibati cha bomba la sindano mapajani! Kumbe naye alikuwa anaumwa, akatuficha. Nikamwuliza mbona yeye hamezi vile vidonge.

Akainama. Akasema, "Shemeji, mimi nilikuwa nauza tu."

Sikumtukana. Nilirudi stendi, nikanunua ndizi, nikala, nikapanda basi. Mama mkwe bado ananiuliza ni nani aliyemloga mwanawe. Sijamwambia... amebakiwa na mmoja tu.

Wasomaji wenzangu, sisimizi wakihama kwenu, msichinje mbuzi! Mpelekeni mgonjwa akapimwe siku hiyohiyo. Na yeyote atakayewaletea dawa mpya, hata kama ni ndugu wa damu, mwulizeni kwanza yeye mwenyewe anatumia nini.