Hesabu Isiyo na Masika

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Husna alifagia uwanja, akachota maji ndoo mbili, kisha akamsema kaka yake. Hiyo kazi ya tatu hakutumwa na mtu. Aliifanya kwa mapenzi yake.

"Mheshimiwa wa koleo," alimwambia Adamu, aliyekuwa ameinamia redio mbovu ya jirani. "Miaka mitatu chuo cha ufundi, halafu utoke ukabadilishe balbu? Balbu hata bibi anabadilisha!"

Adamu alitabasamu tu. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea stashahada ya umeme, na alitakiwa kuripoti Jumatatu. Mama yao, Chausiku, alikuwa bado hajaamua.

Aliyekwisha kuamua ni mjomba Mhina. Yeye aliuza machungwa kwa abiria wa mabasi pale Segera. Tuseme ukweli, waliouza ni vijana wake. Yeye aliuza maneno. Jioni moja alifika nyumbani kwa kina Husna, Makuyuni, akavuta kiti kabla ya kukaribishwa.

"Dada, ufundi ni wa walioshindwa," alisema. "Mimi nitampa Adamu elfu tano kwa siku. Pesa mkononi, siyo makaratasi ya ukutani!"

Mama alimgeukia Husna. "Wewe si ndiye wa kwanza kwa hisabati? Nipigie hesabu ya chuo na ya Segera. Kesho unisomee, na nitaifuata."

Wakati wa kuondoka, mjomba alimnong'oneza Husna mlangoni: "Hesabu ikikaa vizuri, raba nyeupe za mahafali yako ya shule ni juu yangu."

Kuanzia hapo kalamu ya Husna ikawa na miguu, nayo ilikuwa imeshavaa raba.

Chuo: ada, bweni na chakula, milioni moja na laki mbili kwa mwaka. Hapo aliandika kweli. Dada Bernadina, fundi umeme wa Hale, alikuwa amemweleza Adamu kwamba alikaa mwaka mzima bila ajira, kisha akaanza na mshahara wa laki nne na nusu kwa mwezi. Husna akaandika laki mbili na nusu. Nne ikageuka mbili, na kalamu haikulalamika. Kwa mjomba akaandika elfu tano mara siku thelathini, kila mwezi, bila kupumzika.

Kesho yake jioni alisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. "Kwa hiyo, ada pamoja na mishahara ya Segera atakayoikosa, ni milioni tisa. Kuzirudisha kutamchukua miaka saba na nusu. Kaka atakuwa na mvi!"

Adamu aliinuka, akaanza kutoa nguo zake kwenye begi, moja moja, akizirudisha kwenye kamba.

Husna alitegemea kucheka. Kicheko hakikuja.

Mama aliendelea kupukuchua mahindi. "Hesabu yako haina masika?" aliuliza.

"Masika, mama?"

"Adamu, ulimfanyia kazi mjomba wako mwezi wa nne. Ulilipwa siku ngapi?"

"Ishirini," alisema Adamu. "Siku nyingine mvua. Nyingine mjomba alisema tutaongea."

"Haya. Na Bernadina naye anapata laki mbili na nusu?"

Husna aliangalia daftari, akaangalia begi lililokuwa likisinyaa. "Laki nne na nusu, mama. Nimeipunguza mimi. Mjomba aliniahidi raba."

Alidhani atachapwa. Mama alimsukumia kalamu. "Andika upya. Na ule mwaka wa kukaa bila ajira uuweke, tusijidanganye na upande huu pia."

Segera ikawa laki moja kwa mwezi. Miaka mitatu ya chuo na mmoja wa kutafuta kazi, ada pamoja na pesa ya Segera atakayoikosa, milioni nane na laki nne. Tofauti ya kipato laki tatu na nusu kila mwezi. Husna aligawanya mara mbili, hakuamini.

"Miezi ishirini na nne," alisema polepole. "Akishapata kazi, miaka miwili tu."

"Mwaka jana nilimuuzia Mhina machungwa yetu yakiwa bado maua, kwa laki tatu," mama alisema. "Nilirukaruka kwa furaha. Alipoyavuna akauza laki tisa. Elfu tano yake ya leo ni hayo hayo maua. Adamu, rudisha nguo kwenye begi. Ada inalipwa kwa awamu. Tutaanza na magunia ya mahindi."

Jumapili mjomba alikuja na mfuko wa raba. Husna alimpokea kwa heshima zote.

"Shikamoo mjomba. Raba hizo zinanibana."

"Hujazijaribu!"

"Zilinibana tangu uliponiahidi."

Mjomba alisonya. "Mtanitafuta!"

"Tutakutafuta machungwa yakiiva, Mhina," mama alimjibu. "Maua hayauzwi mwaka huu."

Jumatatu alfajiri Husna alimbebea kaka yake begi mpaka barabarani, amevaa viatu vyake vya zamani, kidole kikichungulia. Basi lilipoondoka na Adamu, mama alimshika bega.

"Kudharau ni rahisi, mwanangu, hakuhitaji hata kalamu. Ila ukishaishika kalamu, andika kilichopo, kwa sababu kuna mtu atakayeishi ndani ya hesabu yako."